Vitunguu vya Maua Havilali Jikoni

Baba Ivy,

Hata useme tena kwamba sina macho ya urembo, vitunguu vya maua, hivyo vya kupanda bustanini, haviwekwi kwenye kikapu cha mboga. Asubuhi mama yako alishamenya kimoja akaangie sukuma wiki, ati, “Mwanangu siku hizi ananunua vitunguu vikubwa!” Ni sumu, Mukhwana! Nikampokonya kisu kabla sijaeleza. Sasa amefunga mzigo arudi Ndalu, anasema namnyima chakula nyumbani kwa mwanawe.

Chai iko kwenye thamosi. Mwombe radhi wewe, kwa sababu ni wewe uliyevileta kutoka Kitale ili wageni wa kanisa wakusifu.

~~Nimekuachia kimoja cha kupanda.~~ Hapana. Vyote nimevitupa chooni sasa hivi.

Mama Ivy