Udongo Ndani ya Oveni

Delbert mume wangu,

Nimekwenda kwa dada Ardith, nitarudi jioni. Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi nimewasha oveni nioke mkate, nyumba nzima ikanuka kama shamba lililonyeshewa. Kumbe trei yangu imejaa udongo! Najua, unauoka wadudu wafe kabla hujaumwaga kando ya vireli vya treni zako za kuchezea. Lakini trei yangu ya biskuti, mwanamume wewe? ~~Leo utakula huo huo udongo.~~

Nikashuka chumba cha treni zako nikugombeze, nikakuta umeshatoka. Ndipo nikaiona Sublette yetu, kituo cha reli nilikokulia, umeijenga ndogo mezani: reli nyembamba, kile kibanda alichopewa baba alipokuwa fundi wa njia ya reli, hata kamba ya mama ya kuanikia nguo. Nikarudi kuutazama ule udongo. Una chenga za makaa, zile zile zilizokuwa zikitutia weusi miguuni utotoni. Kumbe Jumapili ile hukuenda kuvua samaki, ulikwenda Sublette kuuchota!

Basi, trei nimekuachia. Ila mlango wa kile kibanda chetu ulikuwa wa kijani, siyo wa buluu. Upake rangi kabla sijarudi. Nataka kuingia.

Mkeo,
Lorene