Wekoye Ndani ya Kisiagi

Soko la Ndalu,
S.L.P. 2217,
Kitale.

19 Agosti 2006

Mpendwa shemeji Hillary,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Usilitilie maanani sana. Natumaini u mzima huko Ujerumani na baridi haijakumaliza. Sisi huku tunapumua. Watoto wanaenda shule, mama yenu miguu inamsumbua lakini anakula, mvua imenyesha vizuri na mahindi yamebeba. Salamu zimeisha, sasa tuongee.

Ile CD yako ilifika, tena wiki yenyewe ya kumbukumbu ya kifo cha kaka yako Wekoye. Barua iliyokuwa ndani ilisema umemtungia muziki. Nilifurahi kama mjinga! Nikazunguka soko lote nikitangaza kwamba Hillary hakuweza kuja kumzika kaka yake, lakini amemtungia wimbo. Hata pasta nilimwambia autangaze kanisani.

Siku yenyewe watu walijaa boma, mpaka wazazi wangu walitoka Bumula. Baada ya maombi pasta akasema tusimame wote kwa heshima ya wimbo wa ndugu mdogo wa marehemu. Tukasimama, wazee kofia mkononi.

Kwanza ukaja mngurumo. Tukangoja kwaya ianze. Mngurumo ukaendelea tu, halafu chuma kikakwaruza chuma, kama fundi wa Kitale ananyoosha bodi ya lori. Jairus mwenye spika akaona aibu. Akaitoa CD, akaipangusa na shati lake, akairudisha. Mngurumo uleule.

Halafu ikatoka sauti ya mume wangu. Umeivuta, Hillary. Umeivuta mpaka imekuwa nzito kama ya mtu anayezama, neno moja linatoka kwa muda wa kuosha sufuria. Mama yenu akapiga nduru. Akina mama wengine wakadakia, tukaanza matanga upya. Pasta naye akashika kipaza sauti akakemea pepo kwa jina la Yesu, na pepo mwenyewe ni wewe.

Nilidhani imeharibikia njiani. Nikaipeleka Bungoma kwa Prakash, yule wa duka la redio. Aliisikiliza yote, mikono kifuani, akaniambia, "Mama, hii haina shida. Mtu ametengeneza hivi kwa kupenda." 

Nikarudi nyumbani kusoma maelezo yako kwenye kasha la CD. Ati ni muziki wa sauti za miji na viwanda. Ati hauimbwi wala hauchezwi, mtu anazima taa, analala chali, anasikiliza malori ya Kitale, mafundi wa jua kali, treni ya mizigo pale Bungoma na kisiagi chetu cha kusagia mahindi. Si uje ulale hapa Ndalu, bana! Hapa kinanguruma tangu asubuhi na hakuna anayepiga makofi. Kelele ambazo sisi tunaomba zinyamaze kidogo tupumzike, wewe umezifungia kwa kasha zuri na kuweka picha yako juu.

Lakini sikuchukua kalamu nikuchekeshe. Tangu siku hiyo hakuna mtu analeta mahindi. Wanasema Wekoye analia ndani ya mashine. Hata Nakhumicha, aliyekuwa mteja wetu wa kwanza kila asubuhi, siku hizi anapita mlangoni kwangu na debe kichwani, anaenda kusagia ng'ambo ya mto, na haangalii upande wangu. Mama yenu naye ameuliza mbele ya watu mwanawe analilia nini, kama si mimi niliyemkosea. Hicho kisiagi ndicho kinacholisha watoto wa kaka yako. Kikifungwa mimi nitarudi kwetu Bumula, na watoto mtawalea ninyi.

Na wewe unajua vizuri hakuwa analia! Nilikuwepo. Siku ile ulipokuja kurekodi, ulikuwa umesogeza ile maikrofoni yako ya manyoya karibu na mkanda wa mashine, na Wekoye anawafokea akina mama: "Mwenye mahindi mabichi arudi nyumbani akayaanike! Mnataka kuniziba mashine?" Nakhumicha akamjibu aanike kitambi chake kwanza. Wekoye alicheka mpaka akakohoa. Hicho ndicho ulichonasa. Umechukua kicheko cha mtu ukakifanya kilio, kisha ukamtumia mama yake mzazi. Huoni haya?

Sitaki muziki wako. Nataka ile rekodi yenyewe, kabla hujaivuta, kabla hujaichanganya na vyuma vya watu. Itume kwa posta upesi. Jairus atafunga spika hapa siku ya soko, na kila aliyesikia kilio asikie mtu akicheka. Usiniletee habari za usanii. Usiongeze kitu, usipunguze kitu, hata kikohozi ukiache.

Jana niliwasha kisiagi peke yangu. Mteja hakuna, nikasaga mahindi yangu mwenyewe kidogo kidogo. Nitakuambia ukweli, ingawa hustahili kuambiwa. Nilikuwa natega sikio. Nilijiambia, kama watu wote wanasema yumo, basi na mimi mkewe nimsikie, hata kama analia. Mahindi yakaisha, nikakiacha kingurume hivyo hivyo, nimesimama kando na karai tupu.

Hayumo, Hillary. Ni chuma tu. Aliye naye ni wewe.

Mama yenu anakusalimia, kwa vile ni mama. Watoto, Ian na Nakhungu, wanakusalimia pia, kwa vile hawajui. Mungu akulinde mpaka ufike posta.

Ni mimi shemeji yako, nitakayekupenda tena nikimsikia,

Phelista wa Wekoye