Baraza la Kufumua

Tabora, 9 Juni 1974

Mdogo wangu Mwamvita,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, ila kikohozi cha mama hakijamwacha. Watoto hawajambo huko Lusu?

Pampu ya kijiji chenu imefika. Vipuri madukani hakuna tena, kwa hiyo nimeanzisha baraza pale nje kwa Kurban, fundi cherehani. Kila Jumapili mafundi tunakutana kufumua mashine, tujue aliyeiunda aliwaza nini, kisha kilichokufa tukiunde wenyewe. Mafundi unawajua, kila mmoja mjuaji! Nimejifanya mgawa zamu: anasema aliyeshika kipande tu, na hakuna kugusa cha mwenzako. Matusi yamekwisha kabisa. Kurban katuandikia kibao kizuri, BARAZA LA KUFUMUA. Pampu yenu ndiyo ya kwanza.

Kaka yako,
Mabruki

Lusu, 30 Juni 1974

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima wa kuungaunga. Mpe mama pole.

Tangu tuhamishiwe huku maji yetu ni ya bwawani, tunachota pamoja na ng'ombe. Mkutanoni mimi ndiye niliyesimama nikasema pampu uletewe wewe, kwamba kaka yangu haniangushi. Sasa jirani yangu Apolinaria kila akipita na ndoo ananiuliza hali yako. Najua anaulizia pampu. Harakisha, kaka, nakuomba.

Mdogo wako,
Mwamvita

Tabora, 21 Julai 1974

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Alipita bwana mmoja wa ofisini, mgeni hapa mjini, akasoma kibao. Akauliza ni baraza gani tunataka kulifumua. Nikamweleza ni neno la mafundi cherehani tu, unafumua mshono ujue ulivyoshonwa. Akasema, "Nchi inajenga, ninyi mnafumua." Pampu yote ikatiwa guniani, nasi tukalala ndani. Kurban kafunga duka, anamfuata mwanawe ng'ambo. Alois wa reli, aliyeshika vali, kahamishiwa mbali, wala sijui wapi. Ngozi mpya ya vali alikwisha kuikata, Mwamvita. Ilikaa sawasawa.

Kaka yako,
Mabruki

Lusu, 15 Septemba 1974

Kaka, shikamoo. Mama anaendeleaje?

Gunia la pampu limeletwa, limetupwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Njoo uiunge. Watu wamefurahi, wamenipisha hata foleni ya bwawani. Watoto wawili wa Apolinaria wanaharisha. Njoo upesi.

Mwamvita

Lusu, 3 Novemba 1974

Kaka, shikamoo.

Uliondoka bila kuaga. Nilikuwa nimekuwekea uji.

Sina hasira nawe. Nilikuona ulivyohangaika na vile vipande siku nzima, watu wamekuzunguka, hadi wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na nilikusikia uliponiambia, "Mgawa zamu hashiki kipande. Kila mtu alijua chake, mimi niliwagawia zamu tu." Mtoto mdogo wa Apolinaria tulimzika juzi. Mama yake haniulizi tena hali yako.

Lile bomba nene la pampu wamelitundika shuleni, ndiyo kengele. Kila alfajiri linagongwa, wanawake tuamke twende bwawani. Lina sauti nzuri, kaka. Linasikika kijiji kizima.

Msalimie mama.

Mdogo wako,
Mwamvita