Picha ya Mama Ukutani Kwako

San Antonio

Mdogo wangu Eliseo,

Sisi wazima. Mkate wa Siku ya Wafu umeumuka vizuri, na shangazi Chole bado anakohoa.

Ulipokuwa meya ulisimama barazani kwetu ukaapa: "Hakuna atakayehamishwa mtaa huu!" Tukakupigia makofi mpaka viganja vikauma. Ukaacha umeya, ukafungua kampuni ya nyumba, na mtaa ukaubomoa wewe mwenyewe, sisi tukahamia huku. Ghorofa lako ukalipa jina la mama, Eulalia, aliyefua nguo za watu ili wewe usome. Haya hukuona! Ukaja kuazima picha yake, eti kwa siku ya uzinduzi tu.

Kesho kutwa ni Siku ya Wafu. Nimempangia mama meza yake ya kumkumbuka, maua, mishumaa na kahawa yake ya mdalasini, lakini katikati, mahali pa picha, pako wazi. Jana mimi na Chole tuliifuata picha kwenye ghorofa lako. Mama tulimwona kwa nje, kupitia kioo, ametundikwa ukutani juu ya kochi jeupe. Mlinzi akatuzuia mlangoni.

"Bibi, unaishi hapa?"

"Siishi. Yule pale ukutani ni mama yangu."

"Pole, bibi. Wanaingia wapangaji tu."

Chole akanivuta mkono. "Twende zetu, mwanangu. Hata Eulalia mwenyewe wangemfukuza."

Sasa nisikilize. Usimtume dereva. Mlete mama wewe, kwa mikono yako. Ukifika upige hodi, usubiri nje, nami nitakuuliza kama unaishi hapa.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Refugia