Mita Iliyokuwa Mfukoni

Élisabethville, Jumatatu

Yaya Donatien, kaka yangu mkubwa,

Habari mpya kuliko zote ni hii: mti umepasuka. Aliyelisema jambo hilo ni katekista Mathias, jana Jumapili baada ya misa ya kwanza, nyumbani kwangu mtaa wa Kenya, akiwa amechuchumaa mbele ya sanamu yako ya Yosefu, kofia mkononi. Alipitisha ukucha kwenye ufa, kuanzia pale mikono inapotakiwa kuwa hadi karibu na goti, akasema, "Hii haikupasuka jana, Monsieur." Kweli haikupasuka jana. Niliuona ufa huo wiki moja baada ya kukuzika, na sikumwambia mtu.

Habari ya pili aliileta yeye pia. Padri anataka jibu Jumamosi. Kanisa dogo la kambi ya wafanyakazi limekwisha kuezekwa na litabarikiwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mutakatifu Yosefu akiwa na mikono, atasimama upande wa kushoto wa altare, kama mlivyopatana. Asipokuwa nayo, watanunua wa plasta mjini, na wako atapelekwa stoo, kwenye mabenchi yaliyovunjika miguu. Mathias hakusema kwa ukali. Alisema, "Padri anakuheshimu, lakini mutakatifu bila mikono, bantu batauliza: huyu alikuwa anafanya kazi na nini?"

Nakuandikia kwa kufuata mambo yalivyotokea, kama ninavyoandika gazetini. Sijui njia nyingine.

Gogo lilitoka upande wa Kambove, juu ya lori la mkaa, mvua za mwaka jana zikiwa bado zinanyesha. Mulombwa mbichi, mzito, watu wanne kuushusha. Ulipoupiga tezo mara ya kwanza ulitoa maji mekundu hadi kwenye viatu vyako, na majirani waliokuwa ukutani wakarudi nyuma. Wewe ukasema, "Acha ilie, itanyamaza." Padri alitaka Yosefu ashike ua. Ulimkatalia mbele ya mafundi wenzako: "Huyu iko menuisier, mon Père, haiko jardinier." Ukampa seremala wako ubao badala ya ua, na kuahidi mikono miwili ya kuupapasa kama umenyooka. Padri alicheka, akakubali.

Ukachonga uso kwa Jumamosi tatu. Ndevu, kanzu, miguu, ubao, vyote ukamaliza. Kifuani ukaacha tonge la mti, kubwa kama mkate, halijaguswa. Mwezi wa sita uliileta sanamu yote kwangu kwa mkokoteni, ukikohoa njia nzima, ukaiegemeza dirishani na kusema, "Mikono ni yako."

Nilikuuliza kwa nini mimi. Ulijua pingamizi langu kabla sijalitoa, kwa hiyo ulijibu hilo. Ulisema vile vinyago tulivyochonga utotoni, uani kwa Baba, wewe ulikuwa unachonga mwili na mimi vidole, na hata Baba, ambaye hakuwa mtu wa sifa, alikuwa anavigeuza kwenye mwanga wa jua kabla ya kuvirudisha. Sikukumbuka hivyo. Nilikumbuka kigoda cha Mama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekichonga majuma matano, na kwa pigo la mwisho kabisa, pigo ambalo halikuhitajika, mguu mmoja ukakatika. Mama alikikalia hivyo hivyo, ameweka jiwe chini yake, hadi alipokufa. Mimi sikushika tezo tena. Nilijifunza kupiga taipu. Nilikwambia siku ile ya mkokoteni kwamba karatasi inasamehe: ukikosea unakata mstari, unaendelea. Ukanitazama kama ulivyokuwa unatazama ubao uliopinda. "Muti nayo inasamehe, mudogo yangu. Weye njo hausamehe."

Uliniachia agizo moja tu. Gunia lenye maji lisitoke juu ya tonge mpaka siku ya kukata, kwa sababu kiangazi cha huku kinanyonya mti haraka na tonge lilikuwa na kiini cha gogo ndani yake. Gunia nilililowesha siku sita. Siku ya saba nililiondoa ili nitazame vizuri.

Kuanzia hapo nilifanya kazi ninayoijua. Nilinunua mita ya kitambaa, ile ya washona nguo, na daftari jipya. Nilijiambia kwamba siwezi kuchonga mkono kabla ya kuujua mkono. Nikapima wa fundi viatu pale sokoni, wa mpishi wa wazungu anayerudi jioni kwa baiskeli, wa mwashi, wa Mathias mwenyewe, aliyekaa na mkono juu ya meza kama anayeapa. Urefu wa kila kidole, unene wa kila fundo, umbali kutoka kidole gumba hadi kifundo. Watu kumi na tisa. Daftari ni safi, halina mstari uliokatwa. Ukija nyumbani ulikuwa unalifungua, unalifunga, unauliza jambo moja: "Umekata?" Mimi: "Ningali napima, yaya." Mara ya mwisho ulipokuja kwa miguu yako uligusa tonge kwa kiganja, ukaona ni kavu. Uliomba maji ya kunywa. Sasa najua maji yale uliyabakiza kwa makusudi, maana baada ya kuondoka nilikuta tonge limeloa.

Mwezi wa tisa ukalazwa. Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea Jumanne, saa ya kutazama wagonjwa. Kwa watu wengine niliripoti nusu yake tu, na kwa Veronika mke wako sikuliripoti kabisa.

Uliuliza, "Umekata?" Nikajibu kama siku zote. Ukatoa mkono wa kulia chini ya blanketi, ukauweka juu ya tumbo, umefunguka, pamoja na kile kidole cha kati ambacho msumeno ulikula ncha yake kabla hujaoa. Ukasema, "Basi pima hii, Monsieur le journaliste. Hii haiko mu kaye yako, mu ile daftari."

Nikasema nimesahau mita.

Mita ilikuwa mfukoni, Yaya. Mfuko wa kushoto wa koti. Niliigusa nikisema hivyo.

Wewe na mimi tunajua sababu. Kwetu mgonjwa hapimwi. Anayewekewa mita kitandani ni yule anayetengenezewa sanduku la kuzikiwa, na mama yeyote pale wodini angenifukuza kwa kelele. Lakini wodi ilikuwa kimya na hakuna aliyetuangalia. Wewe, uliyetengeneza masanduku ya nusu ya kambi, ulinisoma mara moja. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Unaogopa sanduku? Sanduku mi njo minapimaka, haiko weye!" Kisha ukaurudisha mkono chini ya blanketi, polepole, na ukasema, "Kesho, basi."

Sababu ya pili sikukwambia. Kama ningeupima mkono wako, nisingekuwa na mkono mwingine wa kutafuta. Ingebaki kukata tu.

Jumatano nilitumwa Luano, uwanja wa ndege, kumpokea mkubwa mmoja kutoka Ubelgiji. Ndege ilitakiwa kutua saa nane mchana. Ilitua saa kumi na moja na dakika ishirini. Mkubwa alishuka, akapeana mikono na watu tisa, akapanda gari, bila kusema neno. Saa ya wagonjwa ilikuwa imepita. Habari yangu ilitoka Ijumaa, mistari minne, na mwisho wa mstari wa tatu kuna kosa la chapa. Wewe ulikufa Alhamisi asubuhi kabla ya chai.

Aliyekupima ni mwenzako wa karakana. Alikuja na mita yake ya mbao, ile ya kukunja, akanisomea namba ili nimwandikie: mita moja na sentimita sabini na nne, mabega hamsini na moja. Niliandika katika daftari lile lile, ukurasa wa ishirini. Mikono yako walikuwa wameikunja kifuani na kuifunga rozari. Mikono ya maiti hakuna anayeipima, haihitajiki kwa sanduku. Nilisimama pale na mita mfukoni kwa mara ya pili.

Mengine tangu hapo: karakana wamempa benchi lako fundi wa kutoka Kongolo, mpole, anapiga mluzi. Baiskeli yako Veronika ameitundika ukutani na hataki iguswe. Mvua zimerudi wiki mbili sasa. Ufa uliokuwa unaingiza sarafu leo unaingiza ukucha tu. Unajifunga wenyewe kwa unyevu, lakini hautajifunga wote.

Jana mchana, Mathias alipokwisha kuondoka, shemeji Veronika alikuja. Alikuwa amesikia kanisani. Alibeba sanduku lako la vyombo vya useremala kichwani, akalitua mlangoni, akaingia bila kubisha. Alitazama ufa, akatazama daftari juu ya meza. Hajui kusoma Kifaransa, lakini namba anazijua. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. "Shemeji, ulipima mikono ya Kenya muzima. Ya bwana yangu haukuiona?"

Nikamwambia habari ya Jumanne. Mita, mfuko wa kushoto, yote. Nilitegemea alie au anitukane. Alikaa kitandani kwangu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbuka chumvi, "Alinieleza. Alisema, 'Mudogo yangu iko na mita mu mfuko, na anasema hana.' Alicheka sana." Halafu akaenda.

Kwa hiyo ulijua. Hilo sikuliandika popote mpaka leo.

Nilifungua sanduku. Tezo ilikuwa juu, imefungwa kitambaa chenye mafuta. Nilipoishika, vidole vyangu havikukaa sawa, viliteleza kwenye mashimo ambayo si yangu. Nikaipeleka dirishani. Mpini wako umelika, Yaya. Miaka ya kiganja kimoja imechimba mti: bonde refu la kidole gumba upande mmoja, na upande wa pili mabonde manne, la kwanza pana, la pili fupi, limeishia kabla ya wenzake, halafu mawili ya kawaida. La pili ni kile kidole cha kati.

Nilitoa mita. Nikapima mabonde yote matano. Sikuandika. Namba tano mtu anaweza kuzishika kichwani.

Usinielewe vibaya. Mpini si mkono. Mkono ulikuwepo, wa moto, umefunguliwa, umbali wa nusu mita kutoka kwangu, na sikuutaka. Nilichopata jana ni alama uliyoiacha ukifanya kazi nyingine. Ndicho kilichobaki, na kinanitosha kuanza. Mikono kumi na tisa haikunitosha.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda gazetini, nilianza na ufa. Nilichonga kabari nyembamba ya mulombwa kutoka kipande ulichobakiza, nikaipaka gundi, nikaipiga taratibu mpaka mti ukanyamaza. Itaonekana. Kwa karibu, mtu atauona mstari mwekundu zaidi unaopita kwenye kanzu. Kisha nikapiga tonge. Pigo la kwanza lilikuwa baya, limeingia kando sana, na kidole gumba cha kulia kitakuwa kinene kuliko chako. Nilisubiri kuona kama nitaweka tezo chini. Nilipiga la pili.

Kufikia saa moja na nusu kidole gumba kilikuwa kimetoka, na cha shahada nusu. Mathias alipita akielekea shule, akachungulia dirishani. "Gumba ni ya boxeur, mupiga ngumi," alisema. Nikamwambia kimekwisha kukatwa. "Basi Yosefu alikuwa na nguvu," akasema, akaenda zake.

Samahani sikuombi, kwa sababu ulikwisha kucheka, na najua kicheko chako kilikuwa na maana gani. Naomba tu ujue kwamba kiangazi kizima kilikuwa chetu wawili na nilikitumia kupima watu wengine. Hilo halina kabari.

Lala salama, fundi. Gunia liko juu ya tonge na limelowa, nimelitazama sasa hivi. Jumamosi saa tisa alasiri Mathias atakuja na mkokoteni, na sanamu itaondoka hapa ikiwa na mikono miwili. Padri akiuliza kwa nini mmoja una kasoro, nitamjibu kwamba ni wa menuisier.

Kesho Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi: kidole cha kati, kile kifupi. Sitakirefusha.

Mdogo wako,
Léonard