Mkeka Tuliovutana na Mama Yako

Shirin,

Nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa kukulilia. Kulia nimeshalia, sasa nataka kugomba.

Kiti chako pale ofisini Kurasini kapewa binti anayesikiliza singeli kutwa huku anajaza karatasi za makontena. Chai yake haina hata tangawizi. Hilo nimesamehe. La mama yako sijasamehe, na kosa ni lako.

Walikuzika alasiri ya siku ileile uliyofariki, kama ilivyo kwenu. Jioni nikaja Msasani, mkeka kwapani na kanga mbili, nilale msibani. Mie Mnyakyusa, shoga. Kwetu mwenzio akifiwa unalala chini naye mpaka matanga yaishe. Anayelala kitandani ni mgeni, au hana uchungu. Mama yako kuniona natandika sebuleni, akanishika mkono, akanipeleka chumba chenye feni, shuka mpya na taulo limekunjwa. Taulo! Utadhani nimefikia gesti.

Nikarudi sebuleni. Akanifuata. Akashika ncha ya mkeka, mie nikashika yangu, tukavutana mbele ya shangazi zako na nguo zao nyeusi. "Mgeni halali chini nyumbani kwangu," akasema, "unataka watu waniseme?" Nikapaza sauti, Mungu anisamehe: "Mie si mgeni, Mama, nimefiwa! Shirin mwenyewe alilala chini kwetu!"

Mama yako akauachia mkeka. "Mwanangu aliniambia mlimpa kitanda kizuri."

Kitanda kizuri! Baba yangu alipofariki ulilala nasi Temeke matanga yote, chini, mguu wa shangazi yangu puani mwako, na ukakoroma kutushinda wote. Ulielewa bila kuelezwa. Halafu ukaenda kumdanganya mama yako asije akaona tumekudharau. Nami kila nikikuuliza mbona mama yako hanizoei, ulinijibu, "Anakupenda sana, Atupele, ana haya tu." Miaka yote umesimama katikati, unampoza huyu, unampoza yule. Kisha ukafa, ukatuacha hatujui hata kugombana. Kwa nini hukutuacha tukosane ungali hai, ukatuamulia? Nina hasira nawe, Shirin. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Usiku ule nilipanda bajaji nikarudi kwangu, nikaapa sikanyagi tena Msasani.

Jana mama yako kanipigia. Shikamoo yenyewe ilinitoka kwa shida. Akasema arobaini yako ni Alhamisi, wanawake watasoma, nije. Halafu akanyamaza. Nikajua anatafuta neno, na wewe hupo wa kumpa. Mwisho akasema, "Njoo na ule mkeka wako." Nikadhani ananikejeli, nikataka kukata simu. Akaongeza, "Leta na wa kwangu. Magoti yananiuma, lakini nataka kulala kama alivyolala mwanangu."

Nimemnunulia mpana, wenye rangi ya zambarau uliyokuwa ukiipenda.

Basi lala, shoga yangu, udongo usikuelemee. Nitamtandikia upande wa ukuta, nitamshika mkono asubuhi ainuke, na nitamweleza yote, hata ulivyokoroma. Tutakusengenya mpaka kukuche, na safari hii hutakuwepo katikati kututafsiria.

Bado nimekununia,
Atupele