Kona ya Bomba la Majivu

Baba Paskalina,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Mimi mzima, miguu tu inavimba. Kifua chako je, na ng'ombe? Najua huko kwetu Daudi sasa ni baridi ya blanketi. Ukijifunika unikumbuke.

Uliniuliza kwa simu narudi lini, mjukuu akalia, nikakata. Sasa nakujibu.

Mwanao ndiye anayechagua mabomba ya kiwanda hiki cha saruji. Nasema mwanao, si wa mtu mwingine. Kuna bomba linalopitisha majivu ya moto, na kila mara linatoboka kwenye kona, maana hapo majivu yanagonga na kukwangua kama msasa. Plastiki ingelainika. Lenye mpira ndani liliungua. Chuma kitupu kilitoboka kabla mtoto hajaota jino. Paskalina akachagua chuma kilichovishwa ndani jiwe jeusi. Ni ghali, wakubwa wakanuna. Wakasema likishika anapata ajira ya kudumu, likitoboka afungashe. Nasi tukapatana kwamba akiajiriwa ataweka msichana wa kumlea mtoto wake, mimi nirudi nyumbani.

Bosi wake alipokuja kumwona mtoto, nikampa maziwa ya kibuyu. Nikamwambia, "Hilo jiwe usiliogope, baba. Ni la mlima Hanang. Nimesagia mtama juu yake tangu niolewe, halijaisha."

Paskalina akainama. "Mama, limetoka ng'ambo."

"Basi huko ng'ambo nako kuna mlima."

Bosi alicheka mpaka akapaliwa.

Jana wamelifungua bomba kulikagua. Kona inang'aa, haijalika. Mimi nilishafunga kanga zangu kwenye mfuko. Paskalina akarudi na vumbi usoni, akakaa sakafuni na buti zake.

"Mama, nimeajiriwa."

Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nilipomaliza akasema, "Wamenipa na kona zote zilizobaki. Nitaingia mpaka zamu za usiku."

Msichana mgeni ataachiwaje mtoto usiku? Hakuniomba nibaki. Angeniomba, ningekataa.

Nimechoka, Baba Paskalina, lakini mfuko nimeufungua.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Wifi anayekupikia mwambie asikuzidishie chumvi. Na kanisani waambie kona zote ni za mwanangu. Jiwe langu la kusagia liingize ndani, lisije likaota majani kwa kukosa mkono.

Mimi mkeo,
Mama Paskalina